MKUNGA NA LABRIDI KATIKA TANGI LA KIOO

Watu wa kandokando ya Ziwa Tanganika na Ziwa Kivu wanajua samaki wa maji matamu. Wanajua ndagala, wanajua mukeke, wanajua sambaza. Lakini bahari wameiona wachache. Nchi ya Kongo inagusa bahari mahali padogo tu, upande wa Moanda na Banana, yapata kilometre 40.

Katika bahari za joto wako samaki wawili ambao watu hupenda kuwafuga nyumbani, ndani ya tangi la kioo. Mmoja ni labridi, wa pili ni mkunga. Wafugaji huwapenda kwa uzuri wao. Lakini uzuri hautoshi kuwaweka hai. Tuone desturi zao kwanza, kisha tuone kazi ya mtu anayewafuga.

1. Labridi

Labridi ni jamaa kubwa. Namna zao zapita 500. Ni ndugu za pono, wale samaki wenye mdomo kama wa kasuku. Labridi wengine hawapiti urefu wa kidole cha mtu. Mwingine, mwenye nundu katika paji la uso, hupita metre 2. Rangi zao ni nyingi: kijani, buluu, nyekundu, manjano. Labridi haogelei kwa kupiga mkia kama samaki wengi. Hupiga mapezi yake ya mbavuni, kama ndege apigavyo mabawa.

Jua likitua, labridi wengi huzama katika mchanga na kulala humo. Asubuhi hutoka tena, wakatafute chakula. Wakiogopa mchana, hufanya vilevile: mara moja wametoweka, na mahali pao pamebaki mchanga mtupu.

Tena wana jambo la ajabu. Labridi wa namna nyingi huanza maisha yao kuwa majike. Dume mmoja hukaa na majike wengi. Dume huyo akifa, jike aliye mkubwa kupita wenzake hushika nafasi yake. Kisha saa chache huanza kutenda kama dume, na baada ya majuma machache amekuwa dume kweli.

Yuko labridi mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, na kazi yake ni kusafisha samaki wengine. Hukaa mahali pake pamoja, na samaki wakubwa humjia kama wagonjwa wajavyo kwa mganga. Husimama, hufungua kinywa, naye huwala wadudu wanaowanyonya damu. Katika Australia wataalamu walihesabu, mwaka wa 1996, wakaona kwamba labridi mmoja hula wadudu yapata 1200 kwa siku moja.

2. Mkunga

Mkunga ni samaki, ingawa umbo lake ni kama la nyoka. Hana magamba. Ngozi yake nene imepakwa ute unaoteleza. Mchana hukaa katika shimo la mwamba, ametoa kichwa tu. Macho yake hayaoni vizuri, lakini pua yake ni kali sana. Usiku hutoka kuwinda kwa kufuata harufu.

Mtu anayemwona mkunga mara ya kwanza huogopa, kwa sababu kinywa chake hufunguka na kufunga bila kukoma. Hudhani kwamba anataka kuuma. Sivyo. Mkunga anavuta pumzi: anaingiza maji kinywani ili yapite katika mashavu yake.

Lakini meno yake si mchezo. Mwaka wa 2007 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mkunga ana mataya mengine tena, yaliyofichwa kooni. Mataya ya kwanza yakishika mnyama, ya pili huruka mbele, huuma na kumvuta ndani ya koo. Ndiyo sababu kitu kilichoshikwa na mkunga hakitoki upesi.

Mkunga anayefugwa na watu wengi huitwa kwa jina la theluji, kwa kuwa mwili wake ni mweupe kama kilele cha Ruwenzori, nao una mabaka meusi na madoa ya manjano. Meno yake ni butu, kwa maana chakula chake ni kaa na kamba wa baharini. Kwa desturi hawasumbui samaki wakubwa. Mikunga wengine wenye meno makali hula samaki. Hao hawafai kukaa pamoja na labridi wadogo.

Na je, baharini mkunga humla yule labridi msafishaji? Hamli. Labridi huingia katika kinywa cha mkunga, kati ya meno, hula wadudu, hutoka salama. Mmoja apata chakula, mwingine apata usafi.

3. Tangi lilianza namna gani?

Zamani ilikuwa vigumu watu kuchunguza samaki wa bahari walio hai. Mwaka wa 1832 mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekaa Messina katika kisiwa cha Sisilia, alitengeneza masanduku ya vioo, akatia ndani maji ya bahari na wanyama walio hai. Alitaka kujua kama argonauta, ndugu wa pweza, hujijengea gamba lake mwenyewe ama huliiba kwa mwingine. Alitazama kwa saburi siku nyingi, akaona kwamba hulijenga mwenyewe. Mwaka wa 1853 katika mji wa London ilifunguliwa nyumba ya samaki ambamo watu wote waliweza kuingia na kutazama.

4. Maji yenye chumvi

Mtu akae mbali na bahari, atapata wapi maji yake? Huyatengeneza. Katika litri moja ya maji ya bahari mna gramu 35 za chumvi. Basi tangi la litri 300 linataka yapata kilo 10 na nusu. Lakini chumvi ya jikoni haifai. Katika bahari mna chumvi za namna nyingi pamoja, na samaki huzihitaji zote. Mfugaji hununua chumvi iliyochanganywa kwa ajili ya kazi hiyo, akaiyeyusha katika maji safi.

Maji hayo hutaka joto la digri 25 mpaka 27. Kila siku maji kidogo hupanda hewani na kutoweka, lakini chumvi haitoki. Tangi la litri 300 likipoteza litri 30, chumvi iliyobaki itakuwa karibu gramu 39 katika kila litri, nao samaki wataumia. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili huongeza maji matamu, si maji ya chumvi. Asiyejua huongeza maji ya chumvi kila juma, na tangi lake huwa kali zaidi na zaidi.

Tena apime uzito mbele. Litri 300 za maji zapita kilo 300, bila kuhesabu vioo, mawe na mchanga. Meza dhaifu itavunjika.

5. Kungoja

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu hununua tangi leo, hutia maji leo, hutia samaki leo. Maji ni meupe, yanang'aa. Baada ya siku chache samaki hulala ubavu, hufa. Mtu hushangaa: mbona maji yalikuwa safi?

Sababu yake ni hii. Mavi na mkojo wa samaki, na chakula kilichobaki, hutoa sumu iitwayo amonia. Jicho haliioni. Katika bahari sumu hiyo hutawanyika, na tena wako vijidudu wadogo mno wanaoila. Vijidudu wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vijidudu wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi. Tangi jipya halina vijidudu hao wa kutosha. Lazima wazaliwe na kuenea juu ya mawe na mchanga, na kazi hiyo hutaka majuma 4 mpaka 6.

Mfugaji mzuri hungoja. Hupima maji kwa dawa za kupimia. Akiona kwamba amonia na nitriti zimekwisha kabisa, ndipo anapotia samaki, mmoja mmoja. Baadaye, kila majuma mawili, huondoa sehemu ndogo ya maji na kutia mengine mapya yenye chumvi, ili nitrati isizidi.

Maji lazima yatembee pia. Pompi huyasukuma mchana na usiku, ili hewa iingie. Umeme ukikatika usiku kucha, pompi husimama, na asubuhi samaki wote waweza kuwa wamekufa. Mahali umeme unapokatika mara nyingi, mfugaji hutafuta kwanza pompi ya hewa yenye betri.

6. Nyumba na kifuniko

Labridi hutaka mchanga laini wenye kina cha kutosha, apate kulala. Changarawe kali hukwaruza mwili wake. Mkunga hutaka mapango ya mawe. Mawe hayo yawekwe kwanza juu ya sakafu ya tangi, kisha mchanga umwagwe kandokando. Yakiwekwa juu ya mchanga, mkunga atachimba chini yake, nayo yatamwangukia ama kuvunja kioo.

Kifuniko ni jambo kubwa kupita yote. Labridi akishtuka huruka juu. Mkunga hutafuta kila tundu. Mahali kichwa kinapopita, mwili wote utapita. Mikunga wengi wamekutwa sakafuni asubuhi, wamekauka. Kwa hiyo kifuniko kifungwe sana, nazo tundu za mipira na nyuzi za umeme zizibwe.

7. Chakula

Labridi huchokora mawe siku nzima akitafuta wadudu. Basi apewe chakula kidogo kidogo, mara mbili ama tatu kwa siku. Mkunga mkubwa hula mara mbili ama tatu tu kwa juma: kamba, kaa, vipande vya ngisi. Apewe kwa koleo ndefu, wala si kwa mkono. Yeye haoni vizuri. Mkono ukinuka kamba, kwake mkono ni kamba.

Walakini yule labridi msafishaji hafai kufugwa. Katika tangi hapati wadudu 1200 kwa siku. Wengi wao hukataa chakula kingine, hukonda, hufa kwa njaa mbele ya macho ya mtu aliyewanunua kwa fedha nyingi. Na kule baharini walikotolewa, samaki wagonjwa hufika mahali pao pa kusafishwa, wasione mtu wa kuwahudumia.

Yule labridi mkubwa mwenye nundu naye asitafutwe. Amepungua sana baharini, na tangu mwaka wa 2005 biashara yake kati ya nchi na nchi iko chini ya sheria ya mataifa.

Mnunuzi aulize pia samaki wake alishikwa namna gani. Wazamiaji wengine hushika kwa wavu mdogo, kwa uangalifu. Lakini katika Ufilipino na Indonesia wako waliotumia sianidi, sumu kali, ili samaki walewe na kushikwa upesi. Sumu hiyo huua matumbawe, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki wote.

Samaki aliye baharini hujitafutia chakula, hukimbia maji mabaya, huchagua shimo lake. Aliye katika tangi hawezi. Maji yake, hewa yake na chakula chake vi mkononi mwa mtu. Anayetaka kumfuga apime kwanza saburi yake, kisha ndipo apime kioo.

Maulizo

1. Mkunga hufungua kinywa na kufunga bila kukoma. Kwa nini?
2. Tangi la litri 200 linataka chumvi kilo ngapi?
3. Maji ya tangi yakipungua kwa sababu ya joto, mfugaji aongeze maji gani? Eleza sababu.
4. Kwa nini samaki hufa katika tangi jipya, ingawa maji yanang'aa?
5. Labridi msafishaji aachwe baharini. Taja sababu mbili.