Simu katika Somo la Historia

Ndugu wanakikundi, mtoto wa miaka 10 Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, leo amepita miaka 80. Mzee kama huyu akituacha, anakwenda na ushahidi. Maandishi peke yake hayatoshi: mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha faili zilizohamishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru.

Simu ya kikundi yaweza kuwasaidia wanafunzi wa sekondari kurekodi wazee hawa. Fanyeni hivi:

1. Ombeni ruhusa kwanza. Mzee akikataa, mwacheni.
2. Kaeni mahali patulivu. Zimeni mtandao, mtu asipige katikati ya maneno.
3. Ulizeni aliyoyaona mwenyewe: walihamishiwa kijiji gani? Walikula nini? Aliyefungwa na aliyelinda lango, wote wasikilizwe.
4. Wekeni nakala mbili: moja shuleni, moja kwa jamaa zake.

Lakini kurekodi tu si kujifunza. Darasani sauti ichezwe, kisha wanafunzi wailinganishe na kitabu. Wapi yanakubaliana? Wapi yanapingana, na kwa nini? Hapo ndipo kijana hujua kupima ushahidi.

Kijijini kwenu amebaki nani? Msingoje matanga.