Je, Wajua? Kuhani-Mfalme Aliyerudishwa Kwao

Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani, alichorwa na Dieric Bouts kati ya 1464 na 1468 akimpokea Abrahamu kwa mkate na divai. Ubao wenye mchoro huo, wa kanisa la Mtakatifu Petro, Leuven, uliuzwa ukaishia Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru urudishwe Ubelgiji.

Wapokomo wa Mto Tana, nchini Kenya, nao wana hazina yao iliyochukuliwa: Ngadji, ngoma takatifu iliyobeba ufalme na ibada kwa pamoja. Maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliitwaa mwaka 1902. Tangu 1908 imo katika British Museum, London. Haki iliyomrudisha Melkizedeki yaistahili Ngadji pia.