Jinsi kivuli cha mlima kinavyokadiriwa kabla ya kufunga sola Mwankoko

KATA ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, inafahamika zaidi kwa visima virefu vinavyochangia maji yanayotumika mjini. Hata hivyo, kwa mwananchi anayetaka kuendesha pampu au kuwasha taa kwa umeme wa jua, jambo la kwanza kuchunguza si kilicho chini ya ardhi, bali majabali na vilima vinavyomzunguka, kwani ndivyo vinavyoamua jua litamfikia saa ngapi.

Uchunguzi huo huweza kuanzia kwenye kompyuta. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilitumia rada kwa siku 11 kupima mwinuko wa takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Awali Afrika ilipata takwimu zenye kipimo kimoja kwa kila mita 90. Mwaka 2014 zilianza kutolewa za mita 30, na Afrika ikawa ya kwanza kuzipata.

Takwimu hizo hutumika kwa njia mbili zisizopaswa kuchanganywa. Ya kwanza ni kuipaka ramani rangi ya kivuli kwa kufuata mteremko, ili milima ionekane kwa urahisi. Ramani hiyo haionyeshi kama kilima cha jirani kinalizuia jua. Ya pili ndiyo hutoa jibu hilo: kompyuta husimama mahali pamoja, hutazama kila upande na kutafuta pembe kubwa zaidi ya kilima, yaani upeo wa macho.

Kwa mfano, kilima kinachopita kiwanja kwa mita 50, kikiwa mashariki umbali wa mita 500, hufanya pembe ya takriban nyuzi 6. Kwa kuwa jua la Singida hupanda karibu wima, kilima hicho hulichelewesha kwa dakika zipatazo 25 tu.

Singida ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi, jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na miezi mingine kaskazini, lakini halishuki chini ya nyuzi 61. Hivyo vizuizi vya kuangaliwa zaidi ni vya mashariki na magharibi.

Tatizo ni majabali. Jabali la mita 20 lililo mita 60 kutoka kwenye paneli huweza kuzuia jua la asubuhi kwa zaidi ya saa moja, lakini likiwa jembamba hupotea ndani ya kipimo cha mita 30. Aidha, penye miti mingi rada huhesabu majani kuwa sehemu ya mwinuko.

Kwa sababu hiyo, kompyuta inafaa kuchagua eneo, lakini kabla ya kununua vifaa ni lazima mtu afike kiwanjani na kupima pembe za vizuizi vilivyo karibu.