Lafudhi na Daraja za Watu

Mwezi wa Novemba mwaka 1962, William Labov, aliyekuwa akitafuta shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York pasipo nia ya kununua kitu. Kwanza alipeleleza ni bidhaa zipi zauzwazo katika ghorofa ya nne, kisha akawa akimwendea mtumishi huyu na huyu akiuliza zilipo. Na mtumishi, asijue kuwa yumo mtihanini, alijibu kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "ghorofa ya nne", ambayo yote mawili yana herufi r. Hapo Labov alijitia uziwi, akainama mbele na kutaka radhi, ili aambiwe mara ya pili kwa mkazo. Halafu akajitenga mahali asipoonekana, akaandika kama r ilitamkwa au ilimezwa.

Maduka hayo hayakuchaguliwa ovyo. Saks lilikuwa duka la matajiri, Macy's la watu wa kadiri, na S. Klein la wale waliotafuta rahisi. Katika watumishi 264 waliojibu, walioitamka r, ama kila mara ama baadhi ya mara, walikuwa asilimia 62 huko Saks, asilimia 51 huko Macy's, na yapata asilimia 20 tu kwa Klein. Wote hao ni wachuma riziki, wala si matajiri. Fauka ya hayo, mjini ilikuwa ikijulikana kuwa mishahara ya Macy's yapita ile ya Saks, kwa hiyo haimkiniki kusema kuwa fedha ndiyo iliyowatia r kinywani. Anayeshinda kutwa akiwahudumia watu wa hadhi huazima lafudhi yao, na pamoja nayo huazima kidogo cha hadhi yenyewe. Lililonivutia mimi zaidi ni lile jibu la pili: waliporudia kwa mkazo, watumishi wa Macy's waliizidisha sana r ya mwisho, hata wakawakaribia wenzao wa Saks, dalili kuwa waliijua vyema lafudhi waitamaniyo, ijapokuwa siyo iliyowatoka ulimi ulipoachiwa.

Wala isidhaniwe kuwa herufi hiyo ina utukufu wa asili. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili watu wakubwa wa New York waliimeza kwa kuwaigiza Waingereza, na huko London hata leo msemaji wa daraja ya juu huimeza. Vita vilipokwisha, ndipo hukumu ya New York ilipogeuka.

Sisi wa Pwani tunayo r yetu, nayo ni kh. Mtoto aliyekalishwa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, akafunzwa kuitoa kila herufi katika makhraji yake, husema kheri na khabari pasi na taabu, ilhali jirani yake asiyepata mafunzo hayo husema heri na habari, na wote wawili huelewana barabara. Lakini sauti ile ikawa ni ushahidi wa elimu na wa nyumba aliyotoka mtu, na maandishi sanifu, yaliyoshikamana na Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, ingawa huandika heri na habari, hayakuweza kuifuta hadhi hiyo masikioni mwa wazee. Ndiyo sababu utamkuta mtu aliyesoma kidogo, akisimama kusema mbele ya hadhara ya arusi, anatia kh hata katika neno hali, ambalo Waarabu wenyewe hawalitamki hivyo, na wanavyuoni walioketi mkekani wakatupiana macho.

Labov aliliona jambo hilo hilo katika utafiti wake mpana zaidi wa mtaa wa Lower East Side: watu wa tabaka lililo chini kidogo ya wakubwa, walipopewa orodha ya maneno waisome kwa sauti, waliitamka r kwa wingi kuliko wakubwa wenyewe, ambao hawakuwa na wa kumthibitishia kitu.