Panya mwenye sumu kwenye manyoya: mfundishe mtoto kutomgusa

Buhongwa, Mwanza. Watoto wanaocheza kwenye mawe na vichaka hukutana na wanyama wadogo wa kila aina. Mzazi, ni vema ujue kuwa si nyoka na nge pekee wenye sumu. Hata mnyama anayenyonyesha anaweza kuwa nayo.

Katika visiwa vya Cuba na Hispaniola yupo solenodoni, mnyama adimu anayetia sumu kwa meno ya chini. Afrika Mashariki yupo panya wa kishungi, ambaye sumu yake huiazima. Hutafuna gome la msunguti, mti ambao wawindaji hutumia sumu yake kwenye mishale, kisha hujipaka mate hayo ubavuni. Nywele za hapo zina matundu na hufyonza sumu kama utambi. Mbwa akimng'ata, moyo wake unaweza kusimama.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwa panya 25 walionaswa Kenya, ulionyesha kuwa panya wenyewe hawadhuriki na sumu hiyo, na kwamba dume na jike huishi pamoja. Misitu ikikatwa, hukosa makazi na mti wao.

Mwambie mwanao: mnyama wa porini hutazamwa kwa mbali, hashikwi hata akiwa amekufa, wala hauawi bila sababu. Mtoto akiumwa na mnyama yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakisubiri kesho.