Kamba ya Mzee Kombo: istilahi za hadithi fupi na kazi zake

Muulize mwanafunzi wa fasihi hadithi aliyoisoma ina mbinu gani, naye atakutajia kama anayesoma bei za sokoni: kinaya, taharuki, sadfa, ishara. Huenda majina yote ni sahihi, na hadithi yenyewe bado haijaguswa. Istilahi ni jina la kazi, na kazi huonekana pale inapofanyika. Basi tutunge kijihadithi chetu wenyewe, tukichungulie ndani.

Kila magharibi Mzee Kombo alifunga makufuli matatu ya duka la tajiri wake, akayavuta moja moja, kisha akaketi na rungu mapajani. Nyumbani kwake mlango ulifungwa kwa kamba ya katani. “Baba Asha, tutie kitasa,” mkewe alimwambia tangu Ramadhani. Naye hujibu, “Nani atamwibia mlinzi?” Alfajiri moja alirudi na mshahara mfukoni na kitasa kipya mkononi. Akakuta kamba imekatwa.

Tuanze na msuko, ambao wengine huuita ploti. Kusema “Kombo alilinda duka, kisha akaibiwa” ni kupanga matukio tu. Msuko huja tunapoona tukio moja likizaa jingine: Kombo aliibiwa kwa kuwa aliamini sifa ya ulinzi yatosha kulinda nyumba.

Hapo ndipo penye kinaya, istilahi inayochanganywa kuliko zote. Kinaya ni mambo kugeuka kinyume cha yaliyotarajiwa, na ugeukaji huo uwe na mantiki yake. Kombo alidhani kazi yake inawatisha wezi, kumbe mlinzi wa usiku ndiye mtu ambaye mtaa mzima una hakika kwamba usiku hayupo kwake. Kilichompa imani ndicho kilichomponza. Sadfa ni jambo jingine: ni matukio mawili kukutana bila moja kulisababisha jingine, kama kununua kitasa siku ileile unayoibiwa. Na kama tajiri angemwambia, “Hongera, mlinzi wetu hodari,” hiyo ingekuwa kejeli, nayo hukaa katika kauli ya msemaji.

Kamba nayo ni ishara. Kwanza ni kamba ya kweli ya kufungia mlango. Lakini ikiwekwa kando ya makufuli matatu, inasimama badala ya maisha ya mtu anayelinda mali ya mwenziwe kuliko yake. Ndiyo maana mwandishi hakuhitaji kuandika neno “umaskini”. Maneno ya mke ni kidokezi: yanatuonya mapema, na taharuki inazaliwa papo hapo. Mwandishi wa Urusi, Anton Chekhov, aliwausia waandishi wenzake kwamba bunduki ikionyeshwa mwanzoni, haina budi kulia baadaye. Kamba yetu ililia.

Msimulizi wetu ni wa nafsi ya tatu. Mpe mwizi usimulizi katika nafsi ya kwanza, na kamba ileile itageuka mwaliko. Nalo neno “tangu Ramadhani” linagusia tu yaliyopita. Tungerudishwa jikoni, mke akiomba kitasa kwa mara ya kwanza, hapo tungesema pana kisengere nyuma, yaani mbinu rejeshi.

Kwa nini hadithi fupi ihesabu vitu hivi kwa ubahili? Edgar Allan Poe wa Marekani alieleza mwaka 1842 kwamba hadithi ya kusomwa kwa kikao kimoja yapaswa kumwachia msomaji athari moja, na kila neno liielekee athari hiyo. Riwaya ina nafasi ya kubeba mgeni asiye na kazi. Hadithi fupi haina.

Kwa hiyo ukishaitaja mbinu, iondoe uone kinachopungua. Ondoa kamba, na hadithi yetu inaanguka. Sasa ondoa ile sadfa ya kitasa kipya, ambayo mhakiki mkali angeiita mkono wa mwandishi. Hadithi inasimama, ila Kombo anabaki mzembe aliyeibiwa. Irudishe, naye ni mume aliyemsikiliza mkewe, akachelewa usiku mmoja.