Duka la Chuma Linalokuja kwa Lori

Mtu akipita Arua au Koboko siku hizi ataona maduka ambayo si ya tofali wala ya mbao. Ni masanduku ya chuma, yaani makontena, yaliyokatwa mlango na dirisha na kupakwa rangi. Wanafunzi kadhaa wameniuliza kama hizo ni nyumba kweli au ni ujanja tu wa kukwepa ujenzi. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchomelea chuma, na masanduku hayo nimeyakata mengi, naomba nafasi kidogo nieleze.

Aliyeanzisha mambo haya ni Mmarekani mwenye malori, Malcom McLean. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Yeye hakuwaza duka hata kidogo. Alitaka mzigo usipakuliwe na kupakiwa upya kila mara. Lakini masanduku yalipokuja kufanywa kwa kipimo kimoja duniani kote, yaligeuka kuwa kama tofali kubwa mno. La futi 20 lina urefu wa mita 6 na kidogo, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, na likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya kilo 2,000.

Wazo lenyewe ni kubwa kuliko kontena. Ni kujenga chumba kizima mahali pengine, kisha kukileta na kukiweka. Mwaka 1968 katika mji wa San Antonio, Marekani, hoteli ya Hilton ilihitajiwa upesi kwa ajili ya maonyesho makubwa. Vyumba 496 vya saruji vilitengenezwa kando vikiwa na vitu vyake ndani, na winchi ikavipandisha mahali pake kwa siku 46. Hoteli hiyo ingali ikipokea wageni.

Karibu nasi, Juba ilifanya vivyo hivyo kwa umaskini zaidi. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005 wageni walifurika, na mji haukuwa na pa kuwalaza. Basi hoteli nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya makontena na vya mabati vilivyopangwa kando ya Nile.

Sasa tuje kwetu. Msidhani kwamba kontena ni rahisi. Ukijumlisha bei yake, lori na winchi, chumba kimoja cha tofali za kuchoma mara nyingi hugharimu kidogo zaidi, ingawa tofali hizo hula kuni nyingi, na miti ya West Nile inazidi kupungua. Faida iko kwingine. Wafanyabiashara wengi wamepanga kiwanja cha mtu. Ukijenga kwa tofali, siku mwenye ardhi akikuambia uondoke, unamwachia ukuta. Kontena unaliinua na kwenda nalo.

Tena biashara ya mpakani haikai mahali pamoja. Mapigano yalipozuka Juba Julai 2016 na vita ikaenea hadi upande wa Yei, njia ya Koboko kupitia Oraba na Kaya iliharibika kwa wachuuzi. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo kambi ya Bidibidi ilifunguliwa katika wilaya ya Yumbe, na porini pakawa na watu wengi kuliko katika miji yetu mingi. Wateja walikuwa wamehama, na duka la tofali halina miguu.

Lakini kuna mambo ambayo muuzaji wa kontena hatakuambia. Nguvu zake ziko katika nguzo nne za pembeni. Kuta ni chuma chembamba kilichokunjwa mawimbi, nazo husaidia kulizuia lisipinde. Fundi akikata ubavu mzima ili duka liwe wazi, asipochomelea fremu nzito kuuzunguka uwazi ule, paa litaanza kubonyea. Joto nalo! Saa nane ya mchana mwezi wa Februari hakuna awezaye kukaa ndani. Dawa yake ni paa la pili la mabati, au la nyasi, lililoinuliwa kiasi ili upepo upite katikati, pamoja na matundu ya juu pande mbili. Lisikae juu ya udongo. Pembe nne zikae juu ya saruji, la sivyo kutu italila kutoka chini.

Sakafu ni ya mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, kwa hiyo auzaye unga au maharage aifunike vizuri, na aulize kwanza sanduku lilibeba nini.

Linaloniogopesha zaidi ni umeme. Katika nyumba ya tofali waya uliochubuka waweza kudhuru mmoja aliyeugusa. Katika kontena, duka zima laweza kuwa waya, na mteja akalishika kwa nje mkono ukiwa na maji ya mvua. Kabla ya kuwasha taa ya kwanza, fundi wa umeme mwenye kibali aunganishe chuma chote na waya wa ardhini, apitishe nyaya ndani ya mipira, na aweke swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Mimi sikabidhi ufunguo wa duka kabla kazi hiyo haijapimwa.